Cheni Iliyopikwa

Mwizi aliyeingia gereji ya Fundi Jumapili ile aliiba mkanda mmoja wa pikipiki na puli zake mbili. Halafu akafanya jambo ambalo Inspekta, katika miaka ishirini na saba ya kufukuzana na wezi wa kila namna, hakuwahi kuliona. Pale ulipokuwa mkanda alifunga cheni ya zamani, imeoshwa, imepakwa grisi, imekazwa kwa kipimo chake.

"Hebu rudia," Inspekta alisema.

"Nimeibiwa, afande."

"Hilo nimelisikia. Rudia hapo kwenye cheni."

Fundi, mwanamke wa miaka thelathini na tano hivi, ovaroli ya buluu na kalamu nyuma ya sikio, alionyesha kwa kidole pikipiki yake iliyosimama katikati ya gereji. "Jumamosi jioni nimeiacha na mkanda. Leo asubuhi nafungua mlango, naikuta na cheni. Mwizi gani huyu, anakuibia halafu anakufanyia sevisi?"

Konstebo alicheka, akakumbuka yuko kazini, akanyamaza. Alikuwa pande la mtu, miaka arobaini na ushee, na udhaifu wake mkubwa katika upelelezi ulikuwa chai. Inspekta alimtupia jicho moja tu. Inspekta alikuwa mama mfupi, mwenye magoti yanayouma na subira ndefu, na kituoni walisema akikutazama kimya kwa dakika mbili utakiri hata uliyoyafanya ukiwa shule ya msingi.

"Usiguse chochote," alimwambia Fundi. "Konstebo, piga picha, kisha alama za vidole. Sisi tuzungumze. Mkanda wenyewe ni wa kazi gani?"

"Wewe umekuja na pikipiki, sivyo? Nimekusikia tangu kule kona. Samahani afande, lakini cheni yako inalia mpaka inatia huruma."

"Nimekuja kwa wizi, sikuja kwa cheni yangu."

"Basi ngoja nikueleze kwa hiyo hiyo. Injini ikizunguka, nguvu yake lazima ifike tairi la nyuma. Njia ni tatu. Kuna cheni kama yako: rahisi, kila duka ipo, ila inataka mafuta kila wiki, na usipoipa inakwisha kama sabuni. Kuna shafti, chuma kinachozunguka ndani ya bomba. Hiyo haikusumbui, lakini ni nzito, na bei yake utauza shamba. Halafu kuna mkanda, unaozunguka kwenye puli mbili zenye meno. Haupigi kelele, hautaki hata tone la mafuta, na ukiutunza unakaa miaka."

"Na wewe ulikuwa unautaka wa nini?"

Hapo Fundi alivuta pumzi. "Kesho saa nne asubuhi watu wa zahanati wanakuja. Wana pikipiki kumi na mbili za wauguzi wanaozunguka nyumba kwa nyumba, na nusu zimelala kwa sababu ya cheni. Wakiridhika na hii, zote nazibadilisha mimi, na kuzitunza ni mimi. Wasiporidhika, mwisho wa mwezi nafunga. Gereji hii, afande, baba yangu aliifungua kabla sijaota meno. Sitaki iwe mimi niliyeifunga."

"Ununue mwingine."

"Huo ulichukua miezi minne kufika."

Inspekta aliandika kwenye daftari lake: *Kesho saa nne.* Akapiga mstari chini yake, mara mbili.

Kufuli la mlango lilikuwa zima, halina hata mkwaruzo. Madirisha yalikuwa na nondo, na nondo hazikuguswa. Kwenye rafu spana zilipangwa kwa ukubwa, hakuna iliyopungua. Redio ilikuwepo. Betri mpya tatu zilikuwepo. Mashine ya kujaza upepo, ambayo mwizi yeyote mwenye akili timamu angeondoka nayo kwanza, ilikuwepo.

"Funguo za kufuli ziko ngapi?"

"Huu wangu tu. Kufuli lenyewe la zamani, alilinunua baba."

"Alama za vidole?"

"Hakuna, afande," Konstebo alijibu akiwa amepiga magoti. "Kila kitu kimefutwa. Tena hakikufutwa kwa haraka haraka. Hata rimu imesuguliwa, inang'aa. Hata chini ya tanki."

"Wezi hawafuti chini ya tanki," Inspekta alisema.

Akainama, magoti yakalalamika. "Nieleze mkanda unatokaje."

"Hapo ndipo ninaposhangaa mimi," Fundi alisema, na sauti yake ikapata uhai kama ya fundi yeyote anayeulizwa swali zuri. "Cheni ina loki, unaichomoa, inafunguka. Mkanda hauna kiungo, ni duara moja zima. Ili utoke bila kukatwa lazima tairi litoke, na uma wa nyuma, chuma kinacholishika tairi hilo, ushushwe mzima. Kazi ya saa tatu kwa mtu anayejua."

"Na kama mtu anataka kukuharibia tu?"

"Kisu. Nukta moja."

Inspekta alinyanyuka polepole akishika kiuno. Mtu alikuwa na kisu cha nukta moja, akachagua saa tatu. Mtu aliyetaka mkanda utoke na asiyetaka hata kidogo udhurike. Aliligeuza jambo hilo kichwani huku akimtazama Fundi, na Fundi, kwa kukosa la kufanya na mikono yake, akaenda kona ya gereji kulikokuwa na jiko la mafuta ya taa, akainjika chai.

Chai ikaja. Konstebo alipokea kikombe kwa mikono miwili, kwa heshima anayostahili mfalme, akavuta funda kubwa. Macho yakamtoka. Alikimbilia mlangoni, akatema.

"Ebo! Wewe nawe, una adabu gani?" Inspekta alimkemea.

"Afande, haki ya Mungu, chai hii ina grisi!"

Fundi alinusa sufuria. Akaipindua kwenye mwanga. Ndani yake, juu ya mstari wa maji, ulikuwepo ukingo mwembamba unaong'aa, wa rangi ya asali. "Nani ametumia sufuria yangu? Jumamosi niliiosha mwenyewe!"

"Weka chini," Inspekta alisema. "Hicho sasa ni kielelezo."

Kisha akatoa leso nyeupe, akaibana cheni ya pikipiki kwa ncha yake, akasokota. Nje cheni ilikuwa kavu, imepanguswa. Lakini kutoka ndani ya viungo, kule ambako tone la kawaida halifiki, leso ilitoka na doa la rangi ile ile ya asali. Inspekta alilikunja doa lake vizuri, akalitia mfukoni.

"Una adui?"

"Ng'ambo ya barabara," Fundi alijibu bila kusita. "Alisema mbele za watu mkanda wangu hautafika Jumanne. Muulize yeyote."

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la vipuri, na mwenye duka mtaa mzima ulimwita Bwana Cheni. Alikuwa mtu wa kitambi na kicheko, mwenye cheni zimening'inia dukani mwake kila rangi, na makopo ya dawa ya kupuliza cheni yamepangwa kama askari wa gwaride.

"Ulisema mkanda huo hautafika Jumanne," Inspekta alianza, bila salamu ndefu.

"Nilisema."

"Mbele za watu."

"Mbele za watu, na nilikuwa nimekasirika. Mama, kila pikipiki ya mtaa huu cheni yake imetoka hapa. Mtu akikuchimbia kisima chini ya jiko lako utamshangilia?"

"Jumapili ulikuwa wapi?"

"Ukweni. Tangu asubuhi hadi jua linazama. Nimekalishwa kwenye kiti cha plastiki nikihojiwa kuliko unavyonihoji wewe. Mpigie mama mkwe, namba hii hapa, lakini usimwambie nimetaja kiti."

Konstebo alitoka nje na simu. Inspekta alitembea mpaka kwenye pikipiki ya Bwana Cheni iliyoegeshwa barazani, akaitazama cheni yake, akarudi. Kule gerejini Fundi alikuwa amemweleza habari ya loki, kile kibanio kidogo kinachounganisha ncha mbili za cheni: upande wake uliofumba lazima utangulie kule cheni inakokwenda, la sivyo jiwe moja likigonga kinachomoka. Kwenye cheni ya gereji kilikaa sawasawa. Kwenye pikipiki ya Bwana Cheni kilikuwa kinyume.

"Nani kafunga cheni yako?"

"Mimi mwenyewe," alijibu kwa fahari.

"Basi nenda kwa Fundi akakufungie upya kabla hujavunjika shingo." Alimfuta moyoni kwenye orodha ya washukiwa. Mtu anayefunga loki kinyume hashushi uma wa pikipiki saa tatu. Konstebo naye alirudi akitikisa kichwa: mama mkwe alikuwa amethibitisha, na akaongeza maoni yake mengine juu ya mkwewe ambayo hayakuhusu upelelezi.

"Na tena, mama," Bwana Cheni alisema akiegemea kaunta, "mimi ni mfanyabiashara. Leo cheni, kesho mkanda. Nimeshaagiza mikanda sita. Yule binti akifaulu kesho, atanunua kwa nani?"

Inspekta alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akatoa leso. "Hii ni dawa yako ya kupuliza?"

Bwana Cheni alinusa, akasugua kwa kidole gumba, akanusa tena. Kicheko kilimtoka usoni. Alionekana kama mtu aliyesikia sauti ya ndugu wa zamani.

"Lo! Hii imepikwa."

"Imepikwa vipi?"

"Zamani, kabla ya makopo haya. Unaosha cheni kwa mafuta ya taa, unaikausha. Unayeyusha grisi na oili ya gia kwenye sufuria, moto mdogo, unaizamisha cheni humo mpaka viputo viishe. Viputo vikiisha ujue grisi imeingia mpaka kwenye mifupa. Siku hizi nani ana muda huo? Labda wazee. Na wazee wenyewe wameisha, amebaki..."

Akaitazama gereji ya ng'ambo ya barabara. Kisha akaanza kupanga makopo yaliyokuwa yamepangwa tayari.

"Amebaki nani?"

"Mimi sijasema kitu, mama. Mimi nauza vipuri."

Inspekta alivuka barabara. Konstebo alimfuata, akanong'ona, "Kikulacho ki nguoni mwako, afande."

"Nyamaza, nafikiri."

Fundi alikuwa amekaa juu ya tairi, mikono kati ya magoti. Alikuwa amefanya kila simu aliyoweza kuifanya kutafuta mkanda mwingine, na kila aliyempigia alimpa pole.

"Nionyeshe tena ile picha ya mkanda," Inspekta alisema.

Fundi alikuwa amemwonyesha asubuhi, harakaharaka. Sasa Inspekta aliishika simu mwenyewe. Picha ilipigwa Jumamosi saa kumi na moja jioni: mkanda mweusi, mpya, umekaa kwenye puli zake. Chini ya picha palikuwa na ujumbe. *Baba, tazama! Umekubali! Leo siji, hakuna cheni ya kutia mafuta tena. Pumzika.*

Na jibu, maneno mawili: *Sawa, mama.*

"Kila Jumamosi huwa unaenda kwa baba yako?"

"Saa kumi alasiri. Tangu alipostaafu, miaka sita sasa. Mimi nazungusha tairi, yeye anatia mafuta cheni. Tone moja, pingili moja. Ndiyo maana wanamwita Mzee Tone. Macho hayaoni vizuri siku hizi, mikono inatetemeka, sasa inachukua saa nzima. Nikasema mkanda utampumzisha..."

Neno hilo la mwisho lilimtoka taratibu. Akaitazama sufuria. Akaitazama cheni ambayo tangu asubuhi alikuwa amekatazwa kuigusa.

"Nani alikufundisha kazi, Fundi?"

"Baba."

"Alikufundisha kupika cheni?"

Fundi alisimama, akasahau kukung'uta ovaroli. "Afande, nafuta malalamiko. Nimekumbuka, huo mkanda niliuweka mahali."

"Wapi?"

"Mahali."

"Kesho saa nne, mahali hapo patakusaidia?"

Fundi alisimama kati ya Inspekta na mlango. Alikuwa tayari kuifunga gereji kuliko kumwona babake kwenye gari la polisi, na alilisema hilo bila kufungua kinywa.

"Sikuja na gari," Inspekta alimwambia kwa upole. "Nimekuja na pikipiki inayolia. Panda nyuma."

Nyumba ya Mzee Tone ilikuwa mitaa mitatu mbele, chumba na sebule, na ua mdogo uliofagiwa. Kigoda kimoja kilikuwa uani na kopo la oili lenye mdomo mrefu pembeni yake. Mzee mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni kabla hawajazima injini, kichwa ameinamisha upande mmoja.

"Hiyo cheni," alisema, "nani anaitesa hivyo?"

"Shikamoo, Mzee," Inspekta alisema.

"Marahaba, mwanangu. Ya kwako hiyo? Pingili mbili zimeshikana. Ukifunga breki ghafla itakutupa." Kisha akamwona aliyeshuka nyuma, na mavazi ya polisi ya aliye mbele, na uso wake ukakunjuka pole pole, kama mtu aliyebeba mzigo akaambiwa utue. "Aa. Karibuni ndani."

"Tukae hapa hapa uani. Nina maswali machache tu."

"Uliza."

"Jumapili asubuhi ulikuwa wapi?"

"Gerejini."

"Uliingiaje?"

"Kwa ufunguo. Kufuli nililinunua mimi. Lilikuja na funguo mbili."

"Baba!" Fundi alisema. "Uliniambia wa pili umepotea."

"Nilisema siuoni. Sivioni vitu vingi siku hizi."

"Ulienda kuiba?" Inspekta aliendelea.

"La! Nilienda kutazama." Mzee alikaa juu ya kigoda, mikono yake ikitetemeka mapajani. "Nilitumiwa picha. Nikasema niende nikauone huo mkanda kwa mkono, maana kwa macho ni ukungu tu. Nikaushika. Mkanda mzuri. Kazi safi, mama, uma umekaa mahali pake, sikuona kosa. Nikafurahi kabisa. Nikageuka niondoke, mguu ukagonga boksi la skrepa, vyuma vya kutupwa."

Alilipapasa kopo la oili pembeni yake. Inspekta hakumharakisha.

"Ndani ya boksi kulikuwa na cheni. Ile cheni. Miaka sita kila Jumamosi naitia mafuta, naijua pingili kwa pingili, na iko humo na makopo, imeingia mchanga na chenga za vyuma. Nikasema, basi ndiyo hivyo. Kinachotolewa, kinatupwa."

"Baba, ni cheni tu!"

"Kwako ni cheni."

"Kwako je, Mzee?" Inspekta aliuliza.

Mzee Tone aliinua macho yake yenye ukungu, akamtazama bintiye pale alipodhani amesimama. "Siku niliyostaafu waliniambia pumzika. Sikulia. Kazi imekwisha, mtu anapumzika. Lakini Jumamosi nilikaa hapa na kopo langu tangu saa kumi mpaka kumi na mbili, na simu ikaniambia pumzika. Mama yako hayupo. Rafiki zangu nimewazika. Nilikuwa na saa moja kwa wiki, na mkanda huo hautaki mafuta."

"Kwa hiyo ukauchukua."

"Nikauchukua. Nilijua utanunuliwa mwingine. Nilitaka Jumamosi moja tu, mbili zikizidi. Wewe andika hapo, afande, mimi ndiye mwizi, sikatai."

"Ungeweza kuukata."

"Kuukata?" Mzee alikasirika kweli, mara ya kwanza. "Kitu kimetengenezwa vizuri namna ile? Mimi ni mhuni?"

"Na cheni? Kwa nini uliipika? Hiyo sufuria ndiyo iliyokuumbua."

"Ningeifunga chafu?" Alimtazama Inspekta kwa mshangao wa dhati. "Mwanangu anaendesha pikipiki hiyo! Cheni kavu, yenye mchanga, ikatike akiwa barabarani? Nilikaa pale mpaka viputo vikaisha. Sufuria niliiosha."

"Hukuiosha vizuri," Konstebo alisema kwa uchungu. Alikuwa ndiyo kwanza anafika kwa miguu, jasho linamtoka.

Fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya kigoda. Alishika mikono ya babake yote miwili. "Baba. Wewe ulidhani nilikuwa nakuja kwa ajili ya cheni?"

"Nitajuaje?" Mzee alisema. "Hujawahi kuja bila cheni."

Hapo Fundi alilia. Alilia bila kujificha, ovaroli na yote, kichwa kwenye magoti ya babake, na mzee akampapasa nywele kwa mkono unaotetemeka akimwambia basi, mama, basi, utanipaka machozi, machozi yana chumvi, yanaleta kutu. Inspekta aligeuka akakagua ukuta wa ua kwa makini sana. Konstebo akapenga kamasi.

"Na hukuniambia mkanda una kazi gani," mzee alisema baadaye. "Nilidhani ni pambo."

"Nilitaka nikushtukize. Kesho saa nne watu wa zahanati wanakuja kuuona. Pikipiki kumi na mbili, Baba. Gereji yetu ingesimama tena."

Mzee Tone alisimama ghafla hata kigoda kikaanguka. "Kesho? Kesho saa nne? Na mmekaa hapa mnanihoji? Afande, uko chini ya kitanda, chukua taratibu, usiukunje!"

Ulikuwa ndani ya beseni kubwa jipya, umelazwa duara bila kubanwa popote, umefunikwa shuka safi. Puli zake zilikuwa pembeni, kila moja imefungwa kwa gazeti. Inspekta alinyoosha mkono.

"Nawa kwanza!" mzee alipiga kelele kutoka mlangoni. "Mkanda hautaki oili, na mikono yako imeshika pikipiki ile! Mimi nilinawa mara mbili."

Inspekta wa polisi, mwenye nyota begani, akaenda kunawa.

Alasiri ile aliketi juu ya tairi gerejini akawatazama wakifanya kazi. Kisheria alikuwa analinda kielelezo. Mzee hakuona vizuri, lakini mikono yake iliposhika spana iliacha kutetemeka, na bintiye alikuwa akisema "kulia kidogo" na yeye akisema "najua, najua". Walipotofautiana kuhusu kukaza mkanda waligombana kama watu waliosubiri ugomvi huo wiki nzima. Jua lilipozama, Fundi alizungusha tairi kwa mkono. Halikutoa sauti yoyote.

"Huu mkanda ni bubu," mzee alinung'unika. "Hata mtu hutajua anakuja." Lakini aliusikiliza ukimya huo muda mrefu, na alikuwa anatabasamu.

Jumanne saa nne watu wa zahanati walikuja watatu. Muuguzi mmoja mkongwe aliiendesha pikipiki kwenye barabara ya vumbi, akarudi, akauliza mkanda unatiwa mafuta wapi. Aliambiwa hayatiwi. Akauliza tena. Alipoamini alimkumbatia Fundi mbele ya mkubwa wake, na mkubwa akaona hana la kufanya ila kutoa kalamu.

Inspekta alifunga jalada kwa mistari miwili. *Mali imepatikana ikiwa nzima. Mlalamikaji ameondoa malalamiko.* Konstebo alitaka waongeze habari ya chai. Alikataliwa.

Jumamosi, saa tisa na nusu alasiri, pikipiki ya polisi ilisikika ikilia kutoka kona ya mbali. Mzee Tone alikuwa ameshaweka kigoda uani na kopo la oili mkononi.

"Nilijua utakuja," alisema. "Cheni hiyo isingekuruhusu kulala. Simamisha hapo, zungusha tairi. Polepole. Tone moja, pingili moja."

Inspekta alizungusha. Mikono ya mzee ilitetemeka, na tone moja kati ya matatu lilianguka chini, na hakuna aliyelitaja. Walizungumza habari za magoti. Ilipokaribia saa kumi, mzee alianza kunyamaza katikati ya sentensi, kichwa ameinamisha upande wa barabara, anasikiliza.

"Mkanda hausikiki, Mzee," Inspekta alimkumbusha.

"Najua. Sisikilizi kitu."

Saa kumi ikafika. Hapakuwa na mlio wa injini, wala wa honi. Mzee aliweka kopo chini. Kisha hatua zikasikika nje, hatua za mtu anayetembea kwa haraka, na lango likasukumwa.

Fundi aliingia. Hakuwa na ovaroli. Alivaa gauni la kawaida, viatu vimejaa vumbi la mitaa mitatu, mikono yake mitupu.

"Nani huyo?" mzee aliuliza, ingawa alishasimama.

"Ni mimi, Baba."

"Pikipiki iko wapi? Imeharibika?"

"Iko nyumbani. Haina tatizo lolote."

"Sasa umekuja na nini?"

"Sikuja na kitu. Nimekuja tu."

Mzee Tone alibaki amesimama, na oili kidogo ikimchuruzika kwenye vidole. Kisha akajifuta mikono kwenye suruali yake nzuri, akaisogeza pikipiki ya polisi pembeni na polisi wake, akamsukumia bintiye kigoda.

"Basi kaa," alisema. "Kaa, mama."